Tupeane uzoefu: kupanda mlima na kurudi siku hiyo hiyo, mwongozaji alikugeuzia wapi?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Wiki mbili zilizopita tulikuwa watu tisa wa ofisi moja hapa Dar, tukaamua kwenda milima ya Uluguru, Morogoro, kupanda kilele cha Lupanga na kurudi siku hiyo hiyo. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kwenda Moro Juni 2024, kila mtu Dar amekuwa mpanda milima. Chini ya saa mbili uko mji kasoro bahari. Kwa hesabu za mezani, safari nyepesi.

Hesabu ikaanza kuharibika mapema. Stesheni ya Moro iko nje ya mji, bajaji zikatugawa makundi matatu, kundi moja likapitia kununua maji na chapati, bado mambo ya kibali cha hifadhi. Tunaanza kupanda ni saa tatu na nusu. Mwongozaji wetu, kijana wa Kiluguru mwembamba kama ufito, kavaa raba za kawaida kabisa, akatusimamisha akasema: "Saa nane kamili, popote tutakapokuwa, tunageuka." Tukaitikia kama wanafunzi. Hakuna aliyesikia.

Kwa ambao hawajafika: mji wa Moro uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, Lupanga inapita mita 2,100. Toa mwenyewe. Mashamba ya migomba yanaisha, unaingia msitu, mizizi inageuka ngazi, miguu haitoshi unaongeza na mikono. Kule chini kina mama walikuwa wanateremka na mabeseni ya mboga kichwani wanatusalimia vizuri kabisa, sisi tumeshika magoti tunatafuta pumzi ya kuitikia. Kwenye kijito kimoja kijana akasema: "Haya yanaingia Ngerengere, Ngerengere inaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo mnayokunywa Dar. Kwa hiyo mmekuja kukagua mita yenu."

Saa nane ikatukuta msituni. Kilele bado dakika arobaini. Mzee mmoja wa uhasibu akagoma: "Nimelipa kufika juu, sijalipa kufika katikati." Kijana akamjibu kwa adabu, "Mzee, juu utafika. Wasiwasi wangu ni chini." Tukabishana robo saa nzima, tukageuka tumenuna.

Dakika ishirini baadaye ukungu, kisha mvua. Udongo ule ukilowa ni sabuni. Nimeanguka mara nne, ya nne nikakaa hapo hapo nikacheka peke yangu. Giza likatukuta bado tuko juu ya mashamba, tunamulika na simu, nyumba za kwanza tumezifikia saa moja usiku. Treni tuliyokata tiketi imeshaondoka. Tukapanda basi stendi ya Msamvu, foleni ya Mlandizi, nimeshuka Kimara saa nane usiku, viatu nimebeba mkononi.

Siku ile, nakiri, nilikuwa upande wa mzee. Sasa sijui. Nyie wenzangu, aliyewaongoza aliwageuzia wapi, na mlimwelewa lini?

Mchoma Mahindi

Saa tatu na nusu ndiyo mnaanza Lupanga? Mkuu, nyie mlishageuzwa mkiwa kwenye foleni ya chapati.

Wa Rongai

Salamu kutoka Nairobi. Huku kila Jumamosi alfajiri mjini utakuta matatu zimejaa watu wenye mabegi mgongoni, kikundi kimeweka tangazo, umetuma pesa kwa simu, saa kumi na moja mnaondoka. Mimi nilianza na vilima vya Ngong, nikaona nimeiva. Nikajiandikisha Elephant Hill, ule mlima wa Aberdare upande wa Njabini, karibu mita 3,600. Hapo ndipo nilijua Ngong ilikuwa matembezi ya baada ya chakula.

Kwanza unapita matope ya msitu wa mianzi. Matope yenyewe baridi, yanameza mguu mpaka kwenye goti, waliokuja na buti za mpira tuliwacheka asubuhi na kuwaonea wivu mchana. Mianzi ikiisha unatokea uwazini, hapo wapandaji wamepabatiza jina ambalo kwa Kiswahili ni Pa Kukata Tamaa. Unainua macho unaona kilele. Unafika, kumbe si kilele, ni mgongo wa ndovu, kichwa kiko mbele. Ndivyo mlima ulivyokaa, kama ndovu amelala.

Mbele yetu alikuwa mwongozaji na nyuma kabisa askari wa msitu na bunduki, kwa sababu ya ndovu wenyewe na nyati. Mimi kichwa kilianza kunigonga baada ya mianzi, yale maumivu ya kupanda juu sana. Nikanyamaza, aibu. Kilichoniuza ni chapati: mwongozaji aliona nimeitoa nikairudisha kwenye begi bila kuuma. Akaja taratibu, "Dada, kichwa?" Nikasema kidogo tu. Akaniuliza leo ni tarehe ngapi. Nikafikiria, nikafikiria tena.

Hakunipa nafasi ya kubishana kama mzee wenu wa uhasibu. Alinikabidhi kwa msaidizi wake, tukashuka sisi wawili pamoja na kijana mwingine aliyechoka. Tulipofika kwenye mianzi kichwa kilikuwa kimeachia. Nikakaa ndani ya gari saa tatu nikiwangoja wenzangu, na nilikasirika kila dakika ya hizo saa tatu. Kilele sijakiona hadi leo, picha za wenzangu ninazo.

Ngazi Mbovu

Mimi naona biashara tu. Longonot, ule mlima wa volkano huko Kenya, nimepanda mara tatu bila kuongozwa na mtu. Unalipa getini, njia inaonekana kama barabara, unapanda kama kilomita tatu hadi ukingo wa kreta, ukitaka unazunguka. Kuna haja gani ya kumlipa mtu akwambie "geuka"?

Wa Rongai

@Ngazi Mbovu Longonot hapo nakubali, njia ni moja. Ila swali: mara hizo tatu ulizunguka ukingo wote ama ulipiga picha pale unapotokea ukashuka?

Ngazi Mbovu

Mara ya kwanza nilizunguka. Kilomita saba na kidogo, kivuli hakuna, vumbi limeingia hadi kwenye meno, na ule upande wa kilele chenyewe nilipanda kwa magoti. Maji yaliisha nusu ya mzunguko. Ukiwa nusu, kurudi na kumaliza ni sawa, kwa hiyo hata angekuwepo mwongozaji hapo angenigeuzia wapi?

Mchoma Mahindi

Angekugeuza getini alipoona chupa moja 😂

Bint Maskati

Assalamu alaykum. Mimi niko Oman, asili yetu Unguja, na hapa Maskati kwenda milimani na kurudi siku moja ni jambo la kawaida wakati wa baridi. Sisi tulikwenda mlima wa Jabal Shams na familia, gari mbili za kupandia milima, na kijana wa kutuongoza alitungoja Al Hamra. Juu kule kuna njia ya kutembea ukingoni mwa bonde, inaanzia Al Khitaym inakwenda mpaka kijiji kilichohamwa, As Sab, nyumba zimejengwa chini ya mwamba. Si ya kupanda sana, lakini upande mmoja ni ukuta na upande wa pili hakuna kitu. Hakuna kabisa.

Mama yangu, ana miaka sitini na mbili, alitembea mbele akisimulia. Aliyekwama ni kaka yangu anayekwenda jimu kila siku. Alifika penye kona nyembamba akaegemea mwamba, akafumba macho. Yule kijana hakumwambia "usiogope." Alikaa naye chini, akamwomba amsaidie kufukuza mbuzi waliokuwa wanataka mikate yetu, maana mbuzi wa kule hawana haya. Walipomaliza na mbuzi, kaka akasimama mwenyewe na kusema narudi garini. Hajageuzwa, amegeuka. Nimeiona ile kama ufundi.

Fimbo ya Mwanzi

Mimi ni mwongozaji, niko Moro, siyo huyo wa mleta mada lakini namjua ni nani kwa maelezo ya raba.

Niwaambie tunavyofanya. Mkishuka kwenye bajaji siangalii nyuso, naangalia viatu. Soli imekwisha, huyo nampeleka Morning Side, aone lile jumba la zamani la Wajerumani, ale stroberi, arudi na furaha yake. Lupanga simpeleki hata akiongeza hela. Pili, mwenye kwenda taratibu namweka mbele, nyuma yangu tu. Watu wa Dar hamlipendi hili, wenye nguvu wanakereka. Ila ukimweka nyuma, kila mkipumzika yeye ndiyo anafika, na akifika nyie mnaondoka. Huyo hapumziki siku nzima, na jioni ndiye atakayebebwa.

Saa ya kugeuka haitoki kichwani. Naanza na jua kuzama, kama saa kumi na mbili na nusu, nahesabu kurudi nyuma: saa moja ya dharura, saa tatu na nusu za kushuka. Wengi wanadhani kushuka ni nusu ya kupanda. Kwa sisi tuliozaliwa huku ni kweli. Kwa mgeni mwenye magoti yanayotetemeka na mvua juu yake, saa za kushuka ni zile zile za kupanda. Wenzangu wengi wanaweka saa nane na watu bado wanafika nyumbani na giza, mleta mada ni shahidi.

Halafu muache kupunguziana bei mkiwa mmeshafika. Ndani ya hiyo hela kuna cha kijiji, kuna kibali, na kuna huyo anayeshuka na mgonjwa.

Mleta mada

@Fimbo ya Mwanzi asante mkuu, hilo la kuhesabu kuanzia machweo nimelichukua kama lilivyo, nimelituma kwenye grupu la ofisi. Mzee wa uhasibu amelisoma, alama mbili za bluu zimetokea, kimya. Leo asubuhi kapita mezani kwangu kaniachia karatasi. Nikajua ni barua ya kudai pesa yake. Kumbe ni ratiba kaichora kwa kalamu: Ijumaa treni ya jioni, kulala Moro, kuanza kupanda saa kumi na mbili asubuhi. Pembeni kaandika bei ya buti, na chini yake, "Yule kijana, mtafute huyo huyo."

Nafasi zimebaki mbili. Mwenye soli iliyokwisha asiombe.