Naomba ushauri: kuhakiki vipimajoto vya infraredi kwenye baridi ya Mbeya

Wakuu, habari za kazi. Naandika mwongozo wa vipimajoto vya infraredi, vile vya kuelekeza kwenye paji la uso, kwa kituo chetu cha afya hapa Mbeya. Asubuhi za Juni na Julai mgonjwa anaingia paji limepoa, kifaa kinasoma 35°C huku cha kwapani kinaonyesha homa. Nimeandika mgonjwa apumzike ndani dakika 15 hadi 30 kwanza. Inatosha?

Kinachoniumiza kichwa hasa ni kuhakiki, yaani kulinganisha kifaa na joto linalojulikana kuona kama kinasoma sawa. Barafu inayoyeyuka ni 0°C, na maji huku kwenye mita 1,700 yanachemka kwenye 94°C hivi, siyo 100. Vyote viko mbali na joto la mwili. Nahitaji joto la kulinganishia lililo kati ya 35°C na 42°C. Mliowahi kuhakikiwa vifaa na TBS (Shirika la Viwango Tanzania) au Wakala wa Vipimo, nianzie wapi? Mnarudia kila baada ya muda gani?