Pemiti ya maji ya marehemu baba iliisha 2019, sasa tumeletewa deni. Nianzie wapi?

BintiWaNjoro:

Hamjambo nyote. Mwenye uzoefu wa pemiti za maji anisaidie, nimezungushwa hadi miguu inauma.

Marehemu baba alituachia ekari nne kando ya Mto Njoro. Alikuwa na pemiti ya kuvuta maji kwa pampu, mita za ujazo 20 kwa siku, za kunyunyizia vitunguu na kabichi. Ilianza Januari 2015, ikawa ya miaka mitano, kwa hiyo iliisha mwisho wa 2019. Mzee alituaga mwaka uliofuata. Sisi tukaendelea kuvuta. Nikisema ukweli hatukufikiria: pampu ipo, mto upo, vitunguu vina kiu.

Mwezi jana ikaja barua kutoka ofisi ya mamlaka ya maji. Deni la 2015 hadi 2019 ni shilingi 18,250, na tuzime pampu mpaka tupate pemiti mpya. Hati ya shamba bado ina jina la baba. Kesi ya urithi iko mahakamani Nakuru na haina haraka. Tuko watoto watano. Kaka yangu mkubwa anasema tuachane na mto, tuchimbe kisima kirefu, eti maji ya chini ya shamba lako hayana mwenyewe ila wewe.

Naomba kujua mambo matatu. Deni la marehemu ni letu? Naweza kuomba pemiti kabla hati haijageuzwa jina? Na ya kaka ni kweli?

KijanaWaKiamunyi:

Maji ni ya Mungu, mvua haina risiti. Lakini kama lazima, tafuta mtu anayejuana na watu wa ofisi, mpe kitu, kila kitu kinakwisha Ijumaa. Nyinyi mnapenda kuteseka.

MzeeWaDaftari:

Kijana, mvua ni ya Mungu, ndiyo. Mto ni wa umma. Sheria ya Maji ya Kenya ya 2016 inasema maji yote yaliyo mtoni, ziwani na ardhini yako mikononi mwa serikali ya taifa kwa niaba ya wananchi. Ukichota kwa ndoo ya nyumbani hakuna atakayekuuliza. Ukiweka pampu au mfereji unahitaji pemiti, na kuvuta bila pemiti ni kosa la jinai. Huyo mtu wako wa Ijumaa nitamrudia, namfahamu vizuri.

Binti, pole kwa mzee. Mimi niko upande wa Mto Malewa, nilikuwa mweka hazina wa WRUA yetu miaka minane. Kwa wasioijua, WRUA ni chama cha watumiaji wa maji wa mto mmoja. Bili za watu nimezisoma mpaka macho yakachakaa, kwa hiyo kabla ya kukujibu maswali yako acha nisome ya kwenu.

Chukua 18,250 gawa kwa miaka mitano: 3,650. Gawa kwa siku 365: shilingi kumi. Kanuni za 2007 ndizo zilizotumika wakati huo, na mkulima alilipa senti 50 kwa kila mita moja ya ujazo. Shilingi kumi ni mita za ujazo 20. Umeona? Wamewatoza kiwango chote cha pemiti, kila siku ya Mungu, Krismasi ikiwemo, hata zile wiki za mvua za 2015 ambazo Njoro nzima ilikuwa tope na hakuna mwenye akili angewasha pampu.

Sijasema wamewaibia. Ofisi isipopata namba ya mita, kile kifaa cha kupimia maji, kutoka kwako, inahesabu ulichoandikiwa kwenye pemiti. Watu wengi hudhani kazi inaisha wakishafremu ile karatasi na kuitundika ukutani karibu na picha ya harusi. Kazi inaanzia hapo. Karatasi inakuruhusu kuvuta mpaka mita 20. Ulichovuta kweli kinajulikana na mita pamoja na daftari. Baba yako alikuwa na mita? Na alikuwa anaandika?

Sasa maswali yako. Deni hulipwa kutoka kwenye mali ya marehemu kama madeni mengine, ila usilipe leo, jibu kwanza hilo nililokuuliza. Kuhusu hati: pemiti ya maji hufuata shamba, haimfuati mtu. Shamba likienda kwa mwingine, maji huenda nalo, na mwenye shamba mpya anatakiwa kupeleka habari ili jina ligeuzwe. Lakini ya kwenu imeshakufa kwa tarehe, hakuna cha kugeuza, itabidi muombe. Yule atakayepewa na mahakama barua za kusimamia mirathi ndiye atakayeweka sahihi kwa niaba yenu. Na mkigawana ekari nne kwa watu watano, msidhani kila mmoja amepata mita zake nne. Mwambieni ofisa tangu mwanzo kwamba shamba litagawanywa, maana kugawa maji ni kazi ya mamlaka, surveya hayagawi.

Halafu kuna la kiangazi. Kwa umwagiliaji ofisi itataka kujua maji umeyaweka wapi. Mto ukishuka wakati wa kiangazi, yaliyobaki yana wenyewe: kwanza kiasi ambacho mto hauruhusiwi kupungua chini yake, kisha matumizi ya nyumbani ya walio chini yenu, na Njoro wenu unaishia Ziwa Nakuru. Maji ya kunyunyizia hutegemewa kuvutwa mto ukiwa umejaa, na utaulizwa kama una akiba ya siku 90. Fanya hesabu: 20 mara 90 ni mita 1,800. Hiyo ni silanga, yaani bwawa dogo la shambani, ya mita 30 kwa 30, kina mita mbili. Ekari nne inatosha kuikata pembeni, ukitandika karatasi nzito ya plastiki isinywe maji. Baba yako alikuwa nayo?

Kijana wa Kiamunyi, huyu hapa mtu wako. Mwaka 2011 nilimpa mmoja wa aina hiyo shilingi 12,000. Akaniletea karatasi yenye muhuri kweli, nikachinja mbuzi. Baada ya miaka miwili ofisa akaja, akaisoma, akacheka kwa huruma. Ilikuwa ruhusa ya kujenga tu! Kwanza hupewa ruhusa ya kujenga banio au kuweka pampu. Ukimaliza unapeleka taarifa kwamba kazi imekwisha, wanakuja kukagua, wanaona mita imefungwa, ndipo unapata pemiti yenyewe. Mimi nilikuwa nimevuta miaka miwili kwa karatasi ya ujenzi. Mbuzi hakurudi.

KijanaWaKiamunyi:

Pole kwa mbuzi mzee 😂

FundiWaRigi_Kisumu:

Mwambie kaka yako apunguze moto. Nimefanya kazi na mashine za kuchimba visima miaka sita, Ahero, Muhoroni, hadi huko kwenu. Maji ya ardhini nayo ni ya umma na yanahitaji pemiti.

Tena ni safari ndefu kuliko ya mto. Unaanza na mtaalamu wa maji ya ardhini mwenye leseni, apime na kuandika ripoti, akiangalia pia visima vya majirani. NEMA, mamlaka ya mazingira, nao wanataka ripoti yao. Ukishapata ruhusa ya kuchimba ndipo unaita rigi, na rigi iwe ya kampuni iliyosajiliwa. Tukimaliza tunasukuma maji saa 24 mfululizo tuone kisima kinarudisha namna gani, kisha sampuli inapelekwa maabara. Rekodi ya uchimbaji na majibu ya maabara vyote vinakwenda ofisini. Bado mita, bado daftari, bado bili. Hakuna ulichokwepa.

Na huko Nakuru maabara ndiyo huua harusi. Floraidi. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa, na visima vingi vya Bonde la Ufa huvuka hapo. Angalia meno ya wazee waliokulia huko, utaona rangi ya chai. Kabichi hazitalalamika sana, lakini kaka yako atayanywa, na watoto watayanywa kwa sababu yapo karibu. Kuna vichujio vya mkaa wa mifupa, Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imefanya sana kazi hiyo, ila ni gharama nyingine tena.

Kama mto unafika shambani, kaa na mto.

BintiWaNjoro:

Asanteni sana. Mzee, shikamoo. Silanga hatuna. Baba alichimba shimo moja dogo la kunyweshea ng'ombe, siku hizi limejaa nyasi.

Mita ilikuwepo. Iliibwa, nadhani 2017, na watu wa vyuma chakavu, hakuna aliyeirudisha. Daftari sijui. Ilibidi nimuulize mama, akanicheka: "Baba yako aandike maji, wakati hata siku zenu za kuzaliwa mimi ndiye niliyeziandika?" Jumamosi nitaingia stoo.

MzeeWaDaftari:

Marahaba binti yangu. Tafuta chini ya magunia. Wanaume wa umri wangu huficha karatasi mahali ambapo wake zao hawafagii.

BintiWaNjoro:

Nimelipata!

Lilikuwa ndani ya mkebe wa dawa ya kunyunyizia ng'ombe, daftari la shule la kurasa 48, limeliwa pembeni na panya. Aliandika kila Jumapili, nafikiri baada ya kanisa. Namba ya mita, kisha neno moja au mawili. Tarehe 8/11/2015: "mvua, pampu imelala". Kuna ukurasa ameandika bei ya vitunguu sokoni Gikomba na kando yake "wezi". Mahali pengine jina langu na karo ya muhula wa pili. Nilikaa stoo muda mrefu, mama akaja kuniangalia.

Namba ya kwanza, Januari 2015, ni 00014. Ya mwisho ni Jumapili 14/5/2017, namba 05236. Baada ya hapo kurasa ni tupu. Lazima ndiyo wakati mita iliibwa.

MzeeWaDaftari:

Ningempenda baba yako.

Toa 14 kwenye 5,236, unabaki na 5,222. Huo ndio ujazo aliovuta kutoka mwanzo wa 2015 hadi siku hiyo ya Mei. Nimehesabu siku kwenye kalenda, ni 865. Kwa mita 20 kila siku wao wamehesabu 17,300, yaani shilingi 8,650. Kwa daftari ni shilingi 2,611. Tofauti ni 6,039.

Miaka iliyobaki, kutoka Mei 2017, huna pa kujitetea kwa namba. Wizi wa mita uliripotiwa polisi? Kama kuna nambari ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha polisi, iambatanishe. Kama hakuna, sema ukweli kwamba hakuna.

Andika barua ya kuomba bili ipitiwe upya. Usiandike "mmetuonea". Andika tarehe, namba ya pemiti, namba ya mita ya mwanzo na ya mwisho, na uambatanishe nakala ya kila ukurasa. Daftari lenyewe usiliache mezani kwa mtu yeyote, hata akiwa na tai. Wakati huo hiyo mamlaka ya maji iliitwa WRMA, siku hizi ni WRA, kwa hiyo usishangae faili likatafutwa kwa jina la zamani. Ofisi ya bonde lenu iko Nakuru mjini, nenda asubuhi.

Kabla ya hapo pitia WRUA ya mto wenu. Maoni yao yataingia kwenye ombi jipya, na walio chini yenu wakilalamika utawasikia pale kwanza badala ya kuwasikia mbele ya ofisa. Sisi bonde la Naivasha tumezoea hata mpango wa rangi kama taa za barabarani: ziwa likishuka kutoka kijani kuelekea nyekundu, kila mwenye pampu anapunguza. Mwanzoni watu walitukana. Sasa kila mtu humwuliza jirani yake, leo tuko rangi gani?

FundiWaRigi_Kisumu:

Ukinunua mita mpya ijengee kibanda cha zege na mlango wa kufuli. Na iweke kabla bomba halijagawanyika kwenda popote, la sivyo watakwambia haipimi yote.

Silanga nayo usichimbe kienyeji na kuinua ukuta wa udongo juu ya nyumba za watu. Bwawa la Solai lilipopasuka Mei 2018 lilichukua zaidi ya watu 40 usiku mmoja, na Solai si mbali na nyinyi. Chimba iende chini, usiipandishe juu. Hata hiyo iandikwe kwenye ombi.

BintiWaNjoro:

Nimerudi, wiki ya tatu sasa. WRUA walinipokea vizuri, mwenyekiti alimjua baba. Ila jirani wa chini alisimama akasema Februari tulimkaushia maji ya ng'ombe mara mbili. Sikujua. Nilimwomba radhi mbele ya watu, na tumekubaliana kwamba tukishapata pemiti, Januari hadi Machi hatutawasha pampu mchana.

Ofisini wamepokea barua ya bili na kugonga muhuri kwenye nakala yangu. Yule dada wa mapokezi alifungua daftari akafika kwenye ule ukurasa wa "wezi", akaniuliza kama ni wao walioandikiwa. Nikamwambia ni madalali wa Gikomba. Tukacheka. Jibu la bili wamesema litakuja kwa barua. Ombi la pemiti mpya linasubiri mama apate barua za mirathi, tarehe ya mahakama ni mwezi ujao.

Kaka ameanza kupima silanga kwa kamba. Mita nimenunua, bado iko kwenye boksi chini ya kitanda changu.

MzeeWaDaftari:

Daftari jipya umenunua?

BintiWaNjoro:

Kurasa 200, mzee.