Kamati ya mashindano ya gofu Mwanza: mashimo ambayo hatukuyacheza yameandikwaje kwenye kadi zetu?

Wakuu, poleni na majukumu. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Mashindano ya gofu ya wachezaji wa ridhaa yaliyofanyika Jumamosi hapa Mwanza yameisha kwa aibu, na kamati iliyoyaandaa inataka tukae kimya kwa sababu zawadi zimeshagawiwa na picha zimeshapigwa. Klabu siitaji, waliokuwepo wanaijua na kamati inajijua.

Jambo lenyewe ni hili. Makundi manne ya mwisho hayakumaliza raundi, giza lilitukuta uwanjani. Uwanja wetu ni wa mashimo 9 na tunauzunguka mara mbili kupata 18. Basi kamati ikachukua kadi zetu za alama, ikaangalia tulipiga mikwaju mingapi kwenye mashimo hayohayo mzunguko wa kwanza, ikanakili idadi ileile kwenye mashimo tuliyobakiza. Halafu wakatuita mmoja mmoja tusaini.

Kadi yangu ninayo. Mashimo 15 yameandikwa kwa penseli, mwandiko wa mwenzangu niliyekuwa nabadilishana naye kadi tangu mwanzo, kadi imekunjamana kwa jasho la mfukoni. Shimo la 16, la 17 na la 18 yameandikwa kwa kalamu ya wino wa bluu, mwandiko wa mtu ambaye hakutoka nje ya jengo la klabu siku nzima. Shimo la 7 mchana nilipiga mikwaju 3 tu, kwa sababu mpira uligonga mwamba ukarudi wenyewe hadi karibu na bendera. Bahati ile ilikuwa ya shimo la 7. Kuiandika tena kwenye shimo la 16, ambalo sikulikanyaga, ni uongo ulioandikwa kwenye karatasi rasmi. Nilikataa kusaini. Nikaambiwa, "Basi ndugu, umejiondoa mwenyewe."

Sikujiondoa, nimeondolewa kwa kukataa kudanganya.

Kwa wasiocheza gofu, nieleze kidogo maana wengine mtasema ni mambo madogo. Gofu ya ridhaa haina refa anayemfuata kila mchezaji. Inachezwa kwa uaminifu: mwenzako anakuandikia alama, wewe unazihakiki, wote wawili mnasaini. Ukirudisha kadi yenye idadi ndogo kuliko uliyopiga kwenye shimo lolote, unaondolewa. Kadi ikikosa alama ya shimo moja kwenye mchezo wa kuhesabu mikwaju, unaondolewa pia. Kanuni za gofu, zile za R&A na USGA (vyombo viwili vinavyotunga kanuni za mchezo huu) ambazo ndizo zinatumika dunia nzima, hazimpi mtu yeyote mamlaka ya kukadiria mchezaji angepiga ngapi. Hakuna wastani, hakuna kunakili. Na kwa habari ya giza kanuni zimeshatoa njia: kamati inasimamisha mchezo, kila mmoja anaweka alama mahali mpira wake ulipo, mnarudi kuendelea pale pale mlipoachia. Jumapili uwanja ulikuwa wazi. Nilipita pale saa 4 asubuhi, kulikuwa na mtu mmoja anakata majani. Mashimo matatu kwa kundi la mwisho, mawili au moja kwa waliotangulia, tungemaliza ndani ya saa moja na kila mtu angerudi nyumbani na alama yake halali.

Kwa nini hawakufanya hivyo? Kwa sababu hafla ya zawadi ilikuwa usiku uleule, sato walishaagizwa, na mgeni rasmi alikuwa na safari. Hilo ndilo jibu nililopewa nilipouliza.

Na hapa ndipo hasira inaponipanda zaidi, kwa sababu giza lenyewe lilitengenezwa na kamati. Ratiba ilisema kundi la kwanza linaondoka saa 1 kamili asubuhi. Liliondoka saa 3. Tulikuwa tunamsubiri mgeni rasmi aje apige mpira wa ufunguzi, atoe hotuba, apigwe picha. Hakuna kanuni inayosema mashindano yafunguliwe kabla ya mpira wa kwanza. Angeweza kuja saa 10 jioni akafunga, akagawa zawadi, akaheshimika vizuri tu.

Tufanye hesabu, maana kamati haikuifanya. Walipokea ada za wachezaji 84, makundi 21 ya watu wanne wanne, wakayaachia kila baada ya dakika 8. Sasa kila anayecheza pale anajua shimo la 3 ndilo shingo ya chupa. Ni shimo fupi, unapiga moja kwa moja kwenda kwenye grini (eneo la nyasi fupi lenye shimo lenyewe), kwa hiyo kundi la nyuma haliwezi kuanza mpaka kundi la mbele litoke kabisa kwenye grini. Watu wanne kupiga, kutembea, kusukuma mpira shimoni na kuondoka ni dakika 12, hata mkikaza mwendo. Ukiachia makundi kila baada ya dakika 8 kuelekea sehemu inayomeza kundi moja kwa dakika 12, kila kundi linapoteza dakika 4 zaidi ya lililotangulia. Kundi la 10 linasimama dakika 36 kwenye shimo moja. Hakuna mchezaji mzembe hapo, ni ratiba.

Tena uwanja ni wa mzunguko. Kundi la kwanza likirudi kuanza mzunguko wa pili baada ya saa 2 na robo, makundi manne yalikuwa bado yamesimama pale mwanzo hayajapiga hata mpira mmoja. Nani aondoke kwanza? Hakuna aliyejua. Nilishuhudia watu wazima wakigombania nafasi kama abiria wa daladala ya Buhongwa jioni, msimamizi ameshika karatasi tu anaangalia.

Makundi 21 yapite shimo la 3 mara mbili ni mara 42. Zidisha kwa dakika 12 upate dakika 504, yaani saa 8 na dakika 24. Kundi la kwanza lilifika pale kama saa 3 na nusu. Ongeza hiyo, kundi la mwisho linatoka pale mzunguko wa pili karibu saa 12 jioni, na bado lina mashimo sita mbele. Huku kwetu mwaka mzima jua linazama karibu na saa 1 jioni, na likizama limezama, hatuna machweo marefu kama ya Uingereza. Kwa hiyo saa 3 asubuhi, mtu mwenye kalamu na karatasi angeweza kuiambia kamati kwamba makundi ya mwisho hayatamaliza. Na hesabu hiyohiyo ukiianzisha saa 1 asubuhi, kundi la mwisho linamaliza kama saa 11 na dakika 40 jioni. Hata kwa wingi ule wa watu tungemaliza kwenye mwanga. Saa mbili za kumsubiri mgeni ndizo zilizotufikisha hapa.

Na hata baada ya kuchelewa walikuwa na njia. Raundi si lazima iwe mashimo 18. Wangetangaza kabla hatujaanza kwamba leo ni mashimo 9, basi. Au wangetangaza tunacheza kwa pointi za Stableford, ambapo ukishindwa shimo unaokota mpira, unapata sifuri, unasonga mbele. Vyote vinatangazwa kabla ya kuanza, na havigharimu kitu.

Sasa mwendo wa uwanjani. Kwenye karatasi waliyotugawia asubuhi waliandika vizuri kabisa: kutafuta mpira mwisho dakika 3, kupiga ndani ya sekunde 40 zamu yako ikifika, aliye tayari apige hata kama si zamu yake, anayechelewesha ataadhibiwa. Dakika 3 si ubunifu wa kamati, zamani zilikuwa 5, zikapunguzwa kwenye mabadiliko makubwa ya 2019 kwa sababu hii hii ya kuharakisha mchezo. Adhabu nazo zipo: kuchelewesha mara ya kwanza mkwaju mmoja, mara ya pili miwili, mara ya tatu unaondolewa. Maneno mazuri. Nani aliyasimamia? Sikuona msimamizi hata mmoja akizunguka na saa.

Mbele yetu kulikuwa na kundi la wageni wa mdhamini. Shimo la 5, lile la upande wa ziwani lenye mawe makubwa kulia, mmoja wao akapiga mpira ukaingia katikati ya miamba. Hakupiga mpira wa akiba, ambao kanuni inaruhusu kusudi usirudi nyuma baadaye. Wakapanda juu ya mawe wote wanne na makedi wao, yaani vijana wanaowabebea mabegi ya fimbo. Kedi wangu alikuwa na saa, akaniambia dakika 5 zimepita, baadaye akaniambia 9. Mpira ukaonekana, umekwama kwenye ufa. Hapo kwa adhabu ya mkwaju mmoja unaruhusiwa kuutoa na kuudondosha pembeni ndani ya urefu wa fimbo mbili, au kurudi nyuma kwenye mstari, au kurudi ulikopigia. Ila mpira ulioonekana baada ya dakika 3 kisheria umeshapotea, unarudi ulikopigia, hakuna mjadala. Wao walijadili. Walipiga simu klabuni kuuliza. Simu haikupokelewa, wakachukua mpira, wakauweka mahali pazuri penye nyasi fupi, wakaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Nyuma yetu makundi matatu yalikuwa yamekaa chini ya mwembe, watu wamevua viatu, upepo wa ziwani wa mchana umeshaanza kupiga.

Kedi wa kundi lile ni kijana anayezijua kanuni kuliko wanakamati wengi. Alijaribu kusema, akaambiwa abebe begi. Vijana hawa ndio wamekulia kwenye uwanja ule, na baadhi yao sasa wanacheza wenyewe kwa fimbo za kuazima. Mmoja wao alimaliza mashimo yote 18 kihalali na amekosa zawadi ya daraja B kwa mkwaju mmoja. Aliyemzidi alicheza 16, mawili yamenakiliwa. Kijana hajalalamika. Anahofia kukosa kazi ya kubeba mabegi, na hiyo ndiyo sababu kubwa iliyonifanya nifungue uzi huu.

Halafu wapo waliofika wamechelewa. Kanuni ni kali: ukichelewa muda wako wa kuanza ndani ya dakika 5 unaongezewa mikwaju miwili, ukizidisha hapo huchezi. Kuna mzee wetu alitoka Geita alfajiri, akapita daraja la Kigongo–Busisi, saa 12 na nusu asubuhi yuko uwanjani ananyoosha mgongo. Wawili wanaoishi hapa hapa mjini walikuja zaidi ya nusu saa baada ya kundi lao kuitwa, wakapachikwa kwenye kundi jingine bila adhabu yoyote. Mzee wa Geita alikuwa kundi la 19. Kadi yake nayo ina wino wa bluu.

Ninachotaka kinaeleweka. Matokeo ya madaraja yote yatangazwe upya kwa kuhesabu kadi zilizochezwa mashimo 18 tu. Waliozuiwa na giza warudishiwe ada yao, ni laki moja ya mtu, au waitwe kumaliza. Na kamati itoe maelezo kwa maandishi, siyo kwa sauti kwenye kundi la WhatsApp zinazofutwa baada ya nusu saa.

NYONGEZA: Kuna mdau ameniambia hapo chini kwamba gofu ni burudani, nisikaze fuvu. Mkuu, kwa heshima, kama ni burudani tusilipishane ada, tusigawane madaraja kwa handikapu (namba inayoonyesha kiwango cha mchezaji) na tusitoe zawadi. Tukishaandika matokeo, yawe ya kweli. Handikapu za watu zitabadilishwa kwa alama hizi za kunakili, na zitawafuata hadi mashindano ya Moshi na Arusha.

NYONGEZA 2: Nimeulizwa kama kuanzisha makundi yote kwa mpigo, kila moja kwenye shimo lake, kungesaidia. Ndiyo, lakini kwa zamu. Makundi 9 saa 1 asubuhi, wanamaliza saa 6 mchana. Makundi mengine 9 saa 7 mchana, wanamaliza saa 12 jioni. Hao ni wachezaji 72. Waliobaki 12 wanacheza Jumapili, au kamati inafunga uandikishaji mapema na kukubali kukosa ada zao.

Mliokuwa makundi ya 18 hadi 21, wekeni hapa picha za kadi zenu, fichieni majina na sahihi. Yangu naiweka jioni hii nikitoka kazini.