Naomba ushauri: tukihama Connecticut, mtoto atapoteza akiba yake?

Habari zenu wadau. Tunaishi Hartford, mimi Mtanzania, mume wangu Mmarekani mweusi. Binti yetu alizaliwa 2024 kwa bima ya HUSKY (bima ya afya ya jimbo hili kwa wenye kipato kidogo), hivyo jimbo limemwekezea dola 3,200. Akiwa na miaka 18 hadi 30 ataweza kuzichukua kwa masomo, biashara au nyumba, mradi awe mkazi wa Connecticut.

Kwa ukoo wa mume wangu hili si dogo. Bibi yake alinyimwa mkopo wa nyumba kwa sababu tu mtaa ulikuwa wa weusi, akafa mpangaji.

Sasa kodi ya pango imetushinda, mume anataka tuhamie Ohio. Mimi roho inasita. Wenye uzoefu, mtoto akikulia kwingine kisha akarudi ukubwani, haki yake inabaki? Au tubanane hapa hapa?