Gari lako limewahi kuwaka moto? Tupeane uzoefu

Wakuu salaam. Juzi nimeponea chupuchupu, acha nianze mimi.

Naendesha zangu, nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nikajua ni lori la mbele, nikapandisha vioo. Kumbe ni mimi! Taa za dashibodi zikaanza kucheza, moshi mweusi ukachungulia kwenye kona ya boneti. Nikapaki pembeni, nikazima swichi, nikashuka. Hapo nilikuwa sawa. Kosa ni kwamba nilishafyatua boneti kwa ndani, nikaenda kuiinua. Rangi juu yake ilikuwa inatoa malengelenge kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto, na mimi bado nimenyoosha mkono! Mzee mmoja wa lori akanifokea: "Wewe, acha! Ukiifungua unaupa hewa, utakurukia usoni." Akaja na mtungi wake wa kuzimia moto, akaelekeza mdomo kwenye ule mwanya mdogo, akapuliza poda mpaka kukatulia.

Chanzo: waya wa spika niliofungiwa mwaka jana. Umetoka betri moja kwa moja, hauna fyuzi, ukasuguana na bati mpaka ukachunika.

Nani mwingine yamemkuta?

Kobe_Mwendo: Pole mkuu. Mimi mtungi nilikuwa nao, tena chini ya mabegi kwenye buti. Hadi naufikia moto umeshashika kweli. Nabonyeza, pwii, kwisha. Sindano ya kipimo ilikuwa kwenye nyekundu, na sikuwahi kuiangalia tangu ninunue. Halafu mjue, hata ukiwa mzima, ule wa kilo moja unakaa kama sekunde kumi tu. Unafaa moto mchanga. Ukiona umekuzidi, ondoka.

MamaPacha: Sisi tulikuwa na watoto nyuma. Nimeshuka, nikawaita watoke, hawatoki. Nilisahau milango ya nyuma nimeifunga ile loki ya watoto, haifunguki kwa ndani. Nikazunguka, nikafungua mikanda, nikawatoa kwa upande usio na magari yanayopita. Tumefika mbali, nikakumbuka mkoba. Jamani nikarudi! Nimeingiza kichwa tu, nikavuta pumzi moja ya ule moshi, kifua kikabana, macho hayaoni. Nikatoka mikono mitupu. Sijamaliza kukohoa tairi likapasuka, mlio kama bunduki. Tangu siku hiyo wangu wanajua: tukishuka tunakimbia mita thelathini na zaidi, ndipo tunapiga simu zimamoto. Vitambulisho vinatengenezwa upya.

Fundi_Spana: Wengi mnaokuja kwetu dalili mmeziona wiki nzima. Harufu ya petroli asubuhi ukiwasha, unasema itaisha. Ni mpira wa mafuta umepasuka au klipu imelegea, na tone moja likidondokea eksozi iliyochemka imekula kwako. Halafu kuna mafundi wa fyuzi. Inakatika kila siku, mtu badala ya kuuliza kwa nini anafungia ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, inayopitisha umeme. Fyuzi ikishindwa kukata, kinachoungua ni waya. Na msipaki kwenye nyasi kavu mkitoka safari ndefu, eksozi inaziwasha kwa chini.

Kimya_Kingi: Na milango ikigoma? Yangu ni ya umeme yote.

Fundi_Spana: Vuta kitasa cha ndani kwanza, magari mengi yanafunguka kwa mkono hata umeme ukikata. Kikigoma, vunja kioo cha pembeni, piga karibu na kona, sio katikati. Cha mbele usihangaike nacho, kina utando wa plastiki, kinapasuka lakini hakimwagiki.

Bomba_la_Maji: Nafanya kazi ya kuzima moto. Mkitupigia kuhusu gari la umeme, semeni mapema kwamba ni la umeme. Betri zile zinahitaji maji mengi mno, na zinaweza kuwaka tena saa nyingi baadaye, hata siku zikipita. Likishazimwa msiliingize banda moja na magari mengine. Na huyo mzee wa lori alifanya vizuri kupitisha poda mwanyani, ila moto ungekuwa mkubwa kuliko pale asingepaswa hata kusogea.

Mleta uzi: Asanteni wakuu. Nimetoka kwa fundi sasa hivi, mtungi nimeufunga ubavuni mwa siti yangu, mkono unaufikia. Spika nimemwachia abaki nazo.