Mwari mmoja anaangushaje ndege ya kivita?

Mdadisi wa Anga
Wakuu, naomba ufafanuzi kutoka kwa wenye ujuzi wa mambo ya anga. Tarehe 28 Septemba 1987 ndege ya Marekani aina ya B-1B, yenye injini nne na iliyoundwa kubeba mabomu mazito, ilianguka karibu na La Junta, Colorado, ikiwa katika mazoezi ya kuruka chini, na chanzo kilikuwa mwari mmoja, yule ndege mkubwa wa majini mwenye mfuko mdomoni. Ndege za abiria hugongana na ndege wa porini mara kwa mara na nyingi hutua salama. Je, tatizo ni muundo wa mashine au ni namna inavyorushwa?

Fundi Mstaafu
Ndugu Mdadisi, kosa kubwa liko kwenye kasi. Nguvu ya pigo hufuata uzito wa ndege aliyegongwa na mraba wa kasi, kwa hiyo mwendo ukiongezeka mara mbili pigo huwa mara nne. Korongo mweupe wa kilo 4 akikutana na mashine inayokwenda kilomita 720 kwa saa huachilia takriban kilojuli 80, sawa na gari la tani moja linalobamiza ukuta kwa mwendo wa kilomita 45 kwa saa, ila hapa nguvu hiyo yote huishia kwenye eneo dogo mno la bati au kioo. Mwari huwa mzito zaidi ya korongo. Yule wa Colorado alikata mabomba ya mafuta na ya haidroliki, moto ukawaka. Ndani walikuwamo watu sita, ilhali B-1B ina viti vinne tu vya kujirushia nje, watatu walifariki. Baadaye mabomba hayo yaliwekewa kinga katika ndege nyingine za aina hiyo, kwa hiyo muundo nao haukuwa bila lawama.

Mkaa Pwani
Naongeza kwamba hata bila kasi kubwa hatari ipo, kwa sababu ndege wengi huishi na kuruka katika tabaka lile lile la chini ambalo wanajeshi hulitafuta ili kujificha dhidi ya rada. Usiku wa tarehe 7 Januari 2014 helikopta ya Marekani aina ya HH-60G ilikuwa mazoezini Norfolk, Uingereza, ikipita juu ya kinamasi cha Cley kwa kimo cha takriban futi 110, mwendo ukiwa kama kilomita 200 kwa saa. Bata bukini waliokuwa wametulia majini walishtushwa na mngurumo, wakainuka mbele yake gizani. Baadhi yao walivunja kioo cha mbele wakawapoteza fahamu marubani wote wawili, na helikopta ikaanguka mara moja, wote wanne wakafa. Miwani ya kuonea usiku walikuwa nayo, lakini katika kimo kile hapakuwa na nafasi ya mtu mwingine kushika usukani.

Mdadisi wa Anga
Nashukuru sana. Basi kwa nini wasipande juu tu, au wasitengeneze kioo kinene zaidi?

Fundi Mstaafu
Kioo kinene huongeza uzito, na hata hivyo kina kikomo chake. Kuhusu kupanda juu, majeshi ya Magharibi yalifanya hivyo kwa sehemu kubwa katika vita vya Ghuba mwaka 1991, baada ya kuona hasara za kuruka chini katika siku za mwanzo. Helikopta hazina uhuru huo. Tazameni zinavyopita juu ya vilele vya miti nchini Ukraine tangu 2022.

Msomi wa Ndege
Kwa maoni yangu, dawa iliyofanya kazi vizuri kuliko kioo ni kujua ratiba ya ndege wenyewe. Israeli ni njia nyembamba ya wahamaji kati ya Ulaya na Afrika, kwa kuwa korongo hupaa kwa kutegemea hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, na juu ya bahari hewa hiyo haipatikani. Hivyo huizunguka Mediterania. Kuanzia miaka ya 1980 mtaalamu Yossi Leshem aliwafuata kwa glaida (ndege nyepesi ya kuelea hewani) yenye injini, akachora njia, vimo na majira yao, na jeshi la anga likapunguza safari za chini katika maeneo na majira hayo. Ajali zilipungua sana, ingawa mwaka 1995 F-15 moja bado iligonga korongo na wahudumu wake wawili wakafa. Korongo hao hao ndio tunaowaona Serengeti wakiokota panzi kuanzia mwezi wa Novemba.

Mkaa Pwani
Pale ratiba inaposhindwa, rubani wa ndege ya mwendo wa kasi hubaki na muda mfupi sana: kwa mita 200 kwa sekunde, ndege anayeonekana mita 300 mbele hufikiwa kwa sekunde moja na nusu. Ndiyo maana hushusha kioo cha kofia kabla ya kuingia kimo cha chini, na akishagongwa huvuta usukani ili kasi aliyo nayo igeuke kimo, apate muda wa kusoma vipimo vya injini na kuamua kama atatua au atajirusha.