Mwalimu anamwadhibu mtoto mashoto kwa kisingizio cha neno "sinister"

Heshima kwenu wanajukwaa.

Naufungua uzi huu nikiwa na hasira. Mwalimu wa Kiingereza wa mpwa wangu, katika shule ambayo sitaitaja, amemwandikia mtoto kwa wino mwekundu pambizoni mwa daftari, "Acha mkono huu", kisha akalieleza darasa zima kwamba neno sinister, ambalo Waingereza hulitumia kwa mtu au jambo lenye dalili za shari, asili yake ni "kushoto", na kwamba hiyo ni hoja tosha kuwa hata watu wa kale walimjua mashoto kuwa ana walakini. Tangu siku hiyo wenzake wanamwita mchawi.

Kuhusu asili ya neno, amesema kweli. Ni la Kilatini, lilimaanisha upande wa kushoto, na liliingia katika Kiingereza kupitia Kifaransa katika karne ya 15. Kinachonipandisha mori ni hitimisho lake. Waaguzi wa Roma, waliotafuta fali kwa kutazama ndege (nasi watu wa pwani tunasema ndege njema na ndege mbaya), kwa desturi yao ya kale walielekea kusini, hivyo mashariki kunakochomoza jua kukawa kushoto kwao, na ishara iliyotokea huko ikahesabiwa kuwa ya heri. Wagiriki ndio walioelekea kaskazini, wakaiona heri kuliani. Cicero, ambaye mwenyewe alikuwa mwaguzi rasmi wa Roma, aliandika waziwazi kwamba Warumi huona bora ishara za kushoto ilhali Wagiriki huona bora za kulia. Kushoto kulikuja kuhesabiwa mkosi kwa Warumi baadaye, desturi za Kigiriki zilipowaingia. Kwa hiyo neno analolitumia kumtisha mtoto liliwahi kuwa la baraka, na lilihusu upande wa anga, si mkono wa kuandikia.

Isitoshe, mwalimu huyo huvaa miwani. Aitazame karatasi yake ya vipimo vya macho: penye herufi O.S., hiyo S ni sinister, na sidhani kama daktari alimwambia kwamba jicho lake la kushoto lina shari. Muitaliano naye akikuelekeza njia hulitaja neno hilohilo, sinistra, kila kona ya kushoto, wala hakuna anayeshtuka.

Kama hoja yake ni adabu ya mezani, aiseme kwa jina lake na tutaelewana, kwa maana hata nyumbani mtoto huyu anafundishwa kula kwa mkono wa kulia. Kalamu si tonge.

Nilimwandikia mwalimu mkuu barua, akanijibu kwamba mwalimu huyo ni mzoefu. Mwenye kujua kama malalamiko ya namna hii huanzia kwa afisa elimu kata au kwenye kamati ya shule, anieleze hapa, kwa sababu Jumatatu nitakuwa mlangoni kwa mmojawapo.